Muhuri Unapomfuata Mwananchi: Huduma ya Kamishna wa Viapo Kandokando ya Ziwa Victoria

Kwa kawaida kurasa hizi huwaletea habari za visima, vikundi vya kuweka na kukopa, na mizinga ya nyuki. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie jambo ambalo halipendezi kwenye picha, yaani karatasi na muhuri.

Tuanze na bibi mmoja kutoka visiwa vya Ukerewe. Alihitaji hati ya kiapo kuthibitisha kwamba jina lililoko kwenye cheti chake cha ubatizo na lile lililoko kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe ni la mtu mmoja, naye ndiye huyo. Alipanda bodaboda hadi Nansio, akapanda meli hadi Mwanza mjini, safari ya saa tatu na zaidi majini, akakuta ofisi ya wakili aliyeelekezwa imefungwa kwa sababu wakili yuko mahakamani. Akalala kwa jamaa zake Kirumba. Kesho yake alihudumiwa kwa muda usiozidi dakika kumi. Alipotusimulia hakulalamika hata kidogo, aliona ndivyo mambo yalivyo. Sisi ndio tuliopiga hesabu ya nauli, chakula na siku mbili za kutolima, tukaona kwamba muhuri wenyewe ulikuwa gharama ndogo kuliko zote.

Huo ndio mwanzo wa huduma tunayoieleza hapa. Badala ya mwananchi kumfuata Kamishna wa Viapo mjini, Kamishna anamfuata mwananchi parokiani, kigangoni au mwaloni.

Kamishna wa Viapo ni nani?

Watu wengi husema "nakwenda kuapa mahakamani", na kwa miaka mingi ilikuwa hivyo kweli, kwa kuwa hakimu naye ana mamlaka ya kuapisha. Lakini Sheria ya Wathibitishaji wa Hati na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, inawapa mawakili nao mamlaka hayo. Ndiyo maana kwenye vibao vya ofisi za mawakili mnasoma maneno matatu pamoja: Wakili, Mthibitishaji wa Hati na Kamishna wa Viapo. Kama Mthibitishaji anashuhudia mikataba na kuthibitisha kwamba nakala ya cheti inalingana na cheti halisi. Kama Kamishna anamwapisha mtu juu ya maelezo aliyoyaandika, na maelezo hayo yakishaapiwa huitwa hati ya kiapo.

Kuna sharti ambalo hata baadhi ya viongozi wetu hawalijui. Kamishna anatakiwa aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa, pamoja na jina lake. Aidha, inapaswa ionekane kwenye hati kama anamfahamu mwapaji yeye mwenyewe au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Maana yake ni kwamba mwapaji lazima awepo. Anasimama mbele ya Kamishna, anasomewa maelezo yake kama hajui kusoma, anaapa, kisha anatia saini au dole gumba. Muhuri uliogongwa Mwanza juu ya karatasi ya mtu aliyeko Ukara ni muhuri wa uongo, hata kama kila neno lililoandikwa ni kweli.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Hapo mwanzo tulidhani tunawasaidia watu kwa kukusanya fomu zao parokiani, kuzibeba kwenye bahasha hadi mjini na kuzirudisha zikiwa na muhuri. Mjane mmoja, mume wake alikuwa mvuvi, alifungua maombi ya mirathi akiambatanisha hati ya namna hiyo. Alipoulizwa aliapa wapi na mbele ya nani, akajibu kama alivyofundishwa na mama yake, yaani kwa ukweli. Maombi yakaondolewa, akaambiwa aanze upya. Katika miezi iliyopita kabla hajarudi mahakamani, injini ya boti iliuzwa na shemeji yake, na fedha zake hazijaonekana hadi leo. Tangu siku hiyo bahasha tuliziacha, tukaanza kukodi gari na boti.

Majina mawili, mtu mmoja

Mkituuliza ni shida gani inayoleta watu wengi zaidi mezani, tutajibu bila kusita kwamba ni majina. Hapa Usukumani jambo hili lina historia yake. Sauti ya "ng'w" iliyoko mwanzoni mwa majina mengi ya Kisukuma ilimshinda karani asiyejua lugha, akaandika "mw". Kwa hiyo baba ni Ng'wandu kwenye daftari la ubatizo, Mwandu kwenye cheti cha shule, na mtoto wake akiandikishwa na nesi kutoka mkoa mwingine anakuwa Mandu. Ukiongeza majina ya ubatizo mambo yanazidi. Yohana wa padre Mfaransa ndiye Johana wa mwalimu na John wa kitambulisho cha kazi. Wapo pia wazee waliobatizwa ukubwani, wakaacha kutumia jina la utotoni kila mahali isipokuwa kwenye shamba, ambalo majirani wanalijua kwa jina la zamani.

Zamani tofauti hizo hazikumsumbua mtu, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji alimjua kila mmoja kwa sura. Kitambulisho cha Taifa kimebadilisha hali. Ilipotangazwa kwamba laini za simu zote zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho hicho, na mwisho ukawa Januari 20, 2020, tuliona foleni ambazo hatujapata kuziona. Leo jina likitofautiana herufi moja, mafao yanasimama, benki inarudisha fomu, na mwanafunzi anakwama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima inataka vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa vilevile. Kijana wa Ilemela mwenye intaneti na ofisi za mawakili jirani atahangaika wiki moja. Kijana wa kisiwani, ambaye dirisha la maombi linafungwa huku yeye akisubiri upepo utulie ziwani, anaweza kupoteza mwaka mzima.

Hapo ndipo parokia inapokuwa na hazina isiyoitambua. Daftari la ubatizo linalotunzwa vizuri mara nyingi ni maandishi ya zamani kuliko yote kuhusu mtu huyo. Cheti cha ubatizo ni miongoni mwa nyaraka zinazopokelewa kama ushahidi wa umri na wazazi pale mtu mzima anapoomba kusajili kizazi chake kwa kuchelewa. Tumekuta madaftari yaliyoliwa na mchwa, na tumekuta mengine ya miaka ya 1930 ambayo wino wake unasomeka kana kwamba umeandikwa jana. Tunawasihi maparoko na makatekista: msisahihishe jina ndani ya daftari la zamani ili "lilingane" na kitambulisho kipya. Liacheni lilivyo. Kazi ya kueleza tofauti ni ya hati ya kiapo, na daftari likishafutwafutwa halimsaidii mtu tena.

Kuapa si kila kitu

Tumelazimika kuwakatisha tamaa watu wengi, na ni afadhali tulifanye hapa mapema kuliko mezani. Hati ya kiapo haihamishi shamba. Ardhi ya kijiji inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Halmashauri ya Kijiji haiwezi kurukwa kwa muhuri wa wakili. Wala haimfanyi mtu kuwa mrithi. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni. Na haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliye chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha tiba, kwa mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, na Mwanza ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufikiwa. Mama akija na mtoto mgongoni akiomba kiapo cha kuzaliwa, tunamwelekeza kwenye ofisi ya kata hiyohiyo, ambayo mara nyingine iko hatua mia kutoka tulipotundika turubai.

Kuna hati moja tunayoichunguza sana, nayo ni ridhaa ya mwenza. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila mume au mke kukubali, na wakopeshaji hutaka ukubali huo uwe na saini mbele ya Kamishna. Tumeona mwanamume akija na mwanamke ambaye si mkewe. Tumeona pia mke halali anayeombwa asaini karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, huku mume amesimama nyuma yake akikohoa. Kamishna wetu humtoa mume nje ya darasa kwanza, kisha huanza kumsomea mama kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma au Kikerewe kupitia mkalimani ikibidi. Baadhi ya kina mama husaini kwa furaha. Baadhi hukunja karatasi na kwenda nayo nyumbani, na huko nyumbani hatujui linalosemwa.

Waumini wengine wametuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuapa, wakirejea Mathayo sura ya 5. Wenzetu Wamenoni, ambao ni wengi upande wa Mara, wana msimamo wa muda mrefu juu ya jambo hilo. Sheria imeliona: anayekataa kuapa kwa sababu ya imani yake anaruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kiapo, na uzito wake ni uleule. Akisema uongo katika lolote kati ya hayo mawili anatenda kosa la jinai.

Kwa nini Ukara

Wafadhili kadhaa wametuuliza kwa nini tunatumia mafuta mengi ya boti kwenda Ukara wakati kuna kata za Nyamagana ambazo hatujazifikia. Ni swali la haki. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kisiwani Ukerewe kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Bwisya, Ukara. Ilikuwa siku ya mnada Bugolora, watu wakirudi na mizigo yao. Walikufa zaidi ya watu 220. Watu wa mkoa huu walikuwa bado wanaikumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 na kuchukua roho za mamia, ambao wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma.

Maafa ya namna hii yanaua pia karatasi. Waliokwenda mnadani walikwenda na kadi zao mfukoni. Waliobaki ni mabibi wenye wajukuu, wasio na cheti cha kifo cha mtoto wao wala cha kuzaliwa cha mjukuu. Miaka imepita, wajukuu wale sasa wanamaliza sekondari, na ndio wanaoanza kudaiwa nyaraka. Ndiyo sababu ya Ukara. Hatudai kwamba kata za mjini hazina shida, ila mkazi wa mjini anaweza kupanda daladala.

Wala hatuko peke yetu. Mahakama ya Tanzania ilizindua Februari 6, 2019 Mahakama Inayotembea, magari makubwa yenye ukumbi wa mahakama ndani yake, na Mwanza ilikuwa mkoa wa kwanza kuipata pamoja na Dar es Salaam. Mwanza pia ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambapo ngazi mbalimbali za mahakama ziko jengo moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini, na kampeni ya kitaifa ya msaada wa kisheria inayoitwa kwa jina la Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani tangu mwaka 2023. Sisi tunaziba pengo dogo lililobaki, yaani mahali ambapo gari kubwa halipiti na kampeni inakaa siku chache tu.

Safari na yanayoonekana njiani

Kwa kuwa wafadhili hupenda kufuatana nasi, na wanakamati wa parokia hupewa jukumu la kuwapokea, tueleze kidogo njia zenyewe. Tunaomba jambo moja tu: mgeni asiletwe mezani wakati mtu anaapa. Mambo yanayosemwa pale ni ya familia. Siku ya kazi mgeni akae na Baba Paroko, na kutembea kufanyike siku inayofuata.

Njia ya mashariki hupita Kisesa, na hapo ndipo ilipo Bujora, takriban kilomita 20 kutoka mjini. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliianzisha miaka ya 1950 akikusanya ngoma, viti vya watemi na vyombo vya Wasukuma wakati ambapo wengi waliviona ni mambo ya kishenzi. Kanisa lake lina umbo la nyumba ya Kisukuma, na ndani mtaona alama za utemi zikitumika kumwadhimisha Kristo Mfalme. Mwezi Juni, karibu na sherehe ya Ekaristi Takatifu, kuna Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, na wapo wanaocheza na nyoka. Tuliwahi kupanga siku ya viapo wiki ya Bulabo. Hakuja mtu. Hatutarudia.

Mbele zaidi, wilayani Magu, iko Kageye, mwalo mdogo ambao mtu anaweza kuupita bila kujua. Hapo ndipo Stanley alipoanzia kulizunguka ziwa mwaka 1875, na ndipo Mapadre Weupe wa kwanza walipofika mwishoni mwa mwaka 1878 kabla Padre Lourdel na Bruda Amans hawajavuka kwa mtumbwi kwenda Buganda. Njia ya kusini nayo inapita karibu na Bukumbi, misioni iliyoanzishwa mwaka 1883. Mgeni Mkatoliki anayejua historia ya Mashahidi wa Uganda hupenda kusimama sehemu hizi mbili kuliko mahali pengine popote, na si lazima apewe mwongozo wa kulipwa. Mzee wa kigango anatosha.

Ukiendelea na njia hiyo ya kusini unafika Kigongo. Zamani ratiba yetu yote ya Sengerema ilitegemea foleni ya kivuko cha Busisi, na tulikwishazoea kuwaambia watu wa ng'ambo "tutafika Mungu akipenda". Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na sasa tunavuka kwa dakika chache. Fedha ya vivuko tumeihamishia kwenye mafuta ya boti ya Ukara.

Mjini kwenyewe mgeni ataonyeshwa Jiwe la Bismarck, ambalo kila mtu humpeleka mgeni na kila mgeni hupiga picha ileile. Sisi tungewashauri pia Kisiwa cha Saanane. Kilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, kikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwa kilomita za mraba 2.18 ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi aliyeishi pale. Boti kutoka Capripoint hutumia dakika chache tu. Na asubuhi mapema mgeni apelekwe soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, aone dagaa wakipakiwa kwenda Kongo na kwingineko. Huko ataelewa kwa nini boti na injini ni mali ya kugombaniwa mtu akifa.

Kwa wanaofika Ukara, wenyeji watawapeleka kwenye jiwe linalocheza. Waombeni ruhusa kwanza, kwa kuwa kwa wazee wa pale lile si jambo la utalii.

Maandalizi ya parokia

Mchango wa wafadhili unalipia mafuta, boti, karatasi, mashine ya kudurufu na jenereta yake, na posho ya mawakili wawili. Wawili kwa sababu sheria haimruhusu Kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa mhusika, au ambalo ana maslahi nalo. Mmoja anaandika na kushauri, mwingine anaapisha.

Kamati inayotaka huduma itupatie orodha ya wahitaji mwezi mmoja kabla, ikieleza shida ya kila mmoja kwa sentensi moja, ili tujue nani wa kuapa na nani wa kuelekezwa kwa mtendaji wa kata, RITA au mahakama. Kila mhitaji aje mwenyewe na nyaraka halisi, hata zilizochanika. Asiye na kitambulisho aje na mtu anayefahamika kwa kamati, atakayemtambulisha. Wazee waliopooza na wagonjwa tunawafuata nyumbani jioni, mradi katekista atuonyeshe njia kabla ya giza. Tunahitaji darasa lenye mlango unaofungika, meza mbili, mabenchi ya kusubiria nje, na mtu mmoja anayejua lugha ya mahali hapo vizuri lakini hana undugu na wanaogombea mali.

Mzunguko wa visiwani hufanyika miezi ambayo ziwa limetulia zaidi. Boti haiondoki Mwanza bila makoti ya kuokolea maisha kwa kila aliyemo, na mgeni au wakili atakayekataa kuvaa koti lake atabaki nchi kavu.